Toa nakala, haki baki nayo

SWALI: Kaka, shikamoo. Naimba bongofleva hapa Morogoro na nimemaliza kurekodi nyimbo sita. Prodyuza wangu anataka niziachie zote bure, kila mtu apakue bila kulipa. Anasema hata wakubwa wa Ulaya na Marekani walishafanya hivyo. Baba yangu, ambaye ndiye aliyenichangia hela ya studio, anauliza ni fundi gani anayejenga nyumba za watu bure akashiba. Nani kati yao yuko sahihi? Na nikishaziachia, siku nikitoka naweza kuzirudisha nikaziuza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Wengi huanza na nyimbo sita wakaishia ya pili kwa sababu hela ya studio imekata.

Prodyuza wako na baba yako wanabishana lakini kila mmoja anaongelea kitu chake. Prodyuza anaongelea nakala, lile faili linaloingia kwenye simu ya mtu. Mzee anaongelea mali: utunzi wako na rekodi yenyewe. Unaweza kugawa nakala milioni moja na mali ikabaki yako yote. Hao wakubwa waliotajwa ndivyo walivyofanya, na kesi nyingi za wasanii zinazonijia mezani zimetokana na mtu kugawa vyote viwili kwa mkupuo mmoja bila kujua.

Kwanza nikueleze kwa nini mtu mwenye akili timamu anagawa nakala.

Jambo hili halikuja na intaneti. Wazee wa dansi waliishi nalo. Miaka ya 1960 na 1970 Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Sehemu kubwa ya nyimbo tunazoziita zilipendwa zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zikarushwa hewani, na mtu wa Songea au Kigoma akazisikia bila kutoa senti. Mwanamuziki alikula wapi? Wengine kwenye mshahara: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kilikuwa na bendi, iliyofanya pia kazi ya kukitangaza kiwanda. Na juu ya mshahara kulikuwa na ukumbi. Wimbo uliopigwa redioni katikati ya wiki ndio uliowatoa watu nyumbani Jumamosi wakapange foleni ya kiingilio.

Ila wanaousifu mtindo huo huwa wanauruka upande wake wa pili. Uliwafaa wanamuziki wale wakiwa na nguvu za kusimama jukwaani mpaka alfajiri. Walipozeeka, nyimbo ziliendelea kupigwa kwenye redio, kwenye baa, sasa hivi kwenye chaneli za YouTube za watu wasiowajua, na wengi wao hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nani anamiliki nini. Likumbuke hilo tukifika kwenye nyimbo zako.

Sasa twende kwa msikilizaji wako wa Kihonda. Akifungua wimbo wako YouTube, kwake hiyo si bure. Anakula bando. Akiurudia mara kumi, bando limeliwa mara kumi, na hela ile imeingia kampuni ya simu, wewe hujaiona. Faili la MP3 la dakika nne, kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, lina kama megabaiti 4 tu. Akilipakua mara moja analisikiliza hata mara mia, shambani, kwenye basi la Ifakara, mahali ambapo mtandao haushiki, kisha anamrushia mwenzake. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, imejenga biashara yake juu ya tabia hii hii: msikilizaji anapakua bila kulipa, tangazo la sauti linakaa mbele ya wimbo, mwenye tangazo analipa, msanii anapata mgawo. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa kule Copenhagen. Kwa hiyo hata pale ambapo mtu wa mwisho hatoi hela, yupo mtu mwingine kwenye mnyororo anayetoa, na swali la kuuliza kila mara ni kama na wewe umo kwenye mnyororo huo.

Na unapoteza nini ukigawa nakala? Tupige hesabu bila kuoneana haya. Spotify ilifungua milango Tanzania mwaka 2021. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wimbo ukichezwa mara moja unaleta kati ya dola 0.003 na 0.005, na wasikilizaji wasiolipia huleta pungufu. Mara 1,000 ni dola 3 hadi 5. Tena tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kabisa kwenye fungu la rekodi. YouTube, ili uingie kwenye mgawo wa matangazo, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Weka hiyo upande mmoja, upande wa pili weka bahasha ya kupanda jukwaani kwenye sherehe moja ya kipaimara pale mjini. Kwa msanii ambaye hajajulikana, nakala haina bei ya maana. Ukiing'ang'ania unalinda shilingi mia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Ulaya. Uko Belém, kaskazini mwa Brazili, karibu na pale mto Amazon unapoingia baharini. Miaka ya 2000 ulishika muziki unaoitwa tecnobrega, unaotengenezwa kwenye kompyuta za nyumbani. Prodyuza akimaliza wimbo anaupeleka kwa madijei wa aparelhagem, wale wenye kuta za maspika wanaozunguka mitaa ya mji kupiga disko. Nakala nyingine inakwenda kwa wachoma CD wanaouza barabarani. Msanii hadai chochote kwenye CD hizo. Anachotaka ni wimbo upigwe na jina lake lijulikane, kwa sababu hela yake iko kwenye shoo na kwenye CD anazouza mwenyewe pale pale ukumbini. Kwa macho ya lebo kubwa ule ni wizi wa kazi za sanaa. Kwa wenyewe wa Belém, mchoma CD ndiye msambazaji. Gaby Amarantos alitoka humo humo, na mwaka 2012 wimbo wake ukawa wa kufungulia tamthilia ya televisheni iliyotazamwa Brazili nzima.

Ukisoma hayo najua umeshaiona singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar. Manzese, Tandale, Mburahati: memori kadi, Bluetooth, vigodoro, bajaji yenye spika. Ilipita huko muda mrefu kabla redio nyingi hazijaikubali, na hakuna aliyekuwa anamdai kijana wa mtaani shilingi mia tano kwa ajili ya faili. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na haukupita muda mrefu vijana wa uswahilini wakaanza kupanda ndege kwenda kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Mwenye tamasha hanunui faili. Ananunua mtu.

Sasa hao wakubwa wa prodyuza wako. Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, Oktoba 2007 waliweka albamu yao mtandaoni wakawaambia watu walipe wanachotaka, hata sifuri. Wachache wanaosimulia kisa hicho hufika mwisho wake: miezi michache baadaye albamu ile ile ilitoka kwa CD madukani na kushika namba moja Uingereza na Marekani. Nine Inch Nails wa Marekani, Machi 2008, walitoa vipande 36 vya muziki. 9 vya kwanza bure, vyote kwa dola 5, na juu yake wakaweka toleo la kifahari la dola 300, nakala 2,500 tu, zenye saini. Zikaisha ndani ya siku chache. Zidisha mwenyewe: dola 750,000. Wiki ya kwanza yote iliingiza kama dola milioni 1.6, kwa hiyo karibu nusu ya hela ilitoka kwa wale watu 2,500. Nakala za bure zilikusanya umati, na ndani ya umati wakapatikana wachache waliotaka kulipa sana.

Lakini usidanganyike. Bendi zote mbili zilikuwa zimeshatangazwa na lebo kubwa kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Umati waliukuta. Wewe unautafuta. Chance the Rapper wa Chicago anakufaa zaidi kama mfano: mikanda yake ya mwanzo aliigawa bure mtandaoni akiwa hana lebo, akaishi kwa shoo na fulana, na mwaka 2017 akachukua Grammy ya albamu bora ya rapu kwa kazi ambayo wakati huo haikuwa ikiuzwa dukani.

Yuko pia mtu ambaye ushauri wa "achia bure" unamuua, na hatajwi. Ni mtunzi asiyepanda jukwaani. Kama wewe unaandika nyimbo waimbe wengine, au unatengeneza biti, au una watoto wachanga na huwezi kusafiri usiku, basi shoo haikuhusu na nakala ndiyo mazao yako peke yake. Mwimbaji akiachia bure anarudishiwa kwenye ukumbi. Mtunzi anarudishiwa wapi? Kwa hiyo kabla hujamsikiliza prodyuza, jiulize kama kweli unapanda jukwaani. Kama unapanda, endelea kusoma. Kwaya na vikundi vya kaswida navipitia haraka: wao wanataka ujumbe ufike, na mialiko huja yenyewe. Hesabu yao ni nyingine.

Tuje kwenye haki. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu ilipotungwa na kurekodiwa, hata kabla hujaisajili popote, na ulinzi wa utunzi unadumu uhai wako wote na miaka 50 baada yako. Usajili unakusaidia kuthibitisha na kukusanya mirabaha, kwa hiyo jisajili, ila usiogope kwamba bila usajili huna kitu. Kumpa mtu faili asikilize hakumpi ruhusa ya kulitia kwenye tangazo la sabuni wala kwenye kampeni ya mgombea. Hapo ndipo "bure" inapoishia.

Tatizo linakuja pale msanii anapoandika kwenye maelezo ya video "wimbo huu ni bure kwa matumizi yote". Kwa sentensi hiyo moja ameshampa wakala wa matangazo barua ya ruhusa. Kama unataka kuruhusu zaidi ya kusikiliza, tumia leseni zilizokwishaandikwa na wanasheria, hizi za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Ziko sita. Zote zinataka jina lako litajwe. Nyingine zinakataza biashara, nyingine zinakataza kubadilisha kazi. Na hapa kuna mtego ambao hata mawakili wa kawaida huupita: kwenye leseni hizi, kuuweka wimbo sambamba na picha za video kunahesabiwa ni kuubadilisha. Ukichagua ile inayokataza mabadiliko ukidhani unalinda heshima ya wimbo, umemkataza binti wa Dodoma kuucheza TikTok, na huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta. Kwa msanii kama wewe, inayofaa ni ile inayoruhusu kubadilisha na kukataza biashara. Kampuni ikiutaka wimbo, inakupigia simu mnapatana bei.

Halafu angalia usijikanyage mwenyewe. Kama umejiunga na chama cha kukusanya mirabaha, soma mkataba wako: vingi vinataka uwakabidhi usimamizi wa haki zako peke yao, na hapo hutoi leseni pembeni bila kuwauliza. Kama prodyuza anasambaza nyimbo kupitia wakala wa mtandaoni na kuweka alama kwenye kile kisanduku cha Content ID, mfumo huo wa YouTube wa kutambua nyimbo utawakamata wale wale uliowaambia watumie wimbo bila wasiwasi, na hela ya video zao itageuziwa kwako. Watakuona mnafiki, na watakuwa na haki. Chagua moja: ama wimbo wa kugawa, ama wimbo wa kulindwa na mashine.

Na biti? Biti ni ya nani? Kama hamjaandikiana, prodyuza anaweza kusema rekodi ni yake nusu, na wewe huwezi kugawa nusu ya mtu. Aliyeshirikishwa kwenye kolabo naye ana sehemu yake. Hata karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono inatosha kuanzia: majina, wimbo, nani anamiliki rekodi, asilimia za utunzi, nani ana mamlaka ya kuruhusu matumizi, tarehe, saini, shahidi. Fanya hivyo wakati mnapendana.

Kwa nyimbo zako sita, mimi ningefanya hivi. Mbili zile zinazochezeka, ambazo mtu akizisikia mara moja anaimba pamoja nawe, ziachie bure kabisa, zipakuliwe. Tatu ziweke kwenye majukwaa yote ya kawaida ambako kusikiliza kunahesabiwa, zikae zikikomaa polepole. Moja usiitoe mahali popote, iimbe jukwaani tu, waliokuja waseme "kuna ule mwingine haupo mtandaoni". Faili kubwa la WAV, ala tupu bila sauti, na vipande vya mchanganyiko, yaani kila ala na kila sauti kwenye faili lake, baki navyo wewe kwenye diski mbili tofauti. Hivyo hata siku moja usivigawe, maana ndivyo wanavyovitaka wenye filamu na matangazo.

Na hizo mbili za bure zitengeneze zibebe jina lako. Kaa siku moja na kijana anayeingiza nyimbo kwenye memori kadi pale Msamvu, tazama kioo cha kompyuta yake. Utaona folda lina faili kama mia tatu, na nyingi zinaitwa "Track 07" au "AUD-20230514-WA0012". Hilo la pili ni jina ambalo WhatsApp huupa wimbo ukitumwa kama sauti. Mteja anapenda, anauliza "huyu nani?", kijana anasema sijui, wanaendelea. Msanii huyo amegawa nakala na hajapata kitu, maana hata jina halikufika. Kwa hiyo faili lako liite kwa jina lako na jina la wimbo. Ndani yake jaza zile nafasi za taarifa: msanii, mwaka, picha ya kava, na kwenye sehemu ya maoni weka namba ya simu ya kualikwa shoo. Iwe laini ya kazi, siyo yako ya nyumbani. Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, jina litabaki. Jitaje pia ndani ya wimbo, sekunde za mwanzo, kwa sauti yako, kwa sababu tovuti za kupakulia nyimbo hupenda kufuta kava yako na kubandika nembo yao, lakini sauti iliyoko ndani ya biti haifutiki kirahisi.

Usigawe hewani pia. Anayetaka wimbo ajiunge kwanza kwenye kundi lako la WhatsApp, ndipo akute faili. Watu 400 unaoweza kuwaambia "Ijumaa niko Kilosa" wana thamani kuliko wapakuaji 10,000 usiowajua, na promota akikuuliza una watu wangapi, una jibu la kumwonyesha.

La mwisho ulilouliza, kuzirudisha. Kama ulichofanya ni kuruhusu watu wapakue, bila leseni yoyote, unaweza kuondoa wimbo wakati wowote na kuanza kuuza. Nakala zilizoko kwenye simu za watu zitabaki huko na huwezi kuzifuata, lakini haki ya kuuza, kukodisha na kutoa ruhusa mpya bado ni yako. Kama uliweka leseni ya Creative Commons, hiyo haifutiki. Unaweza kuacha kuitoa kwa watu wapya, ila aliyekwisha kuipata anaendelea nayo kwa masharti yale yale, na yeyote atakayepata nakala kutoka kwake vivyo hivyo, muda wote wa hakimiliki. Ndiyo maana nimesema mbili na siyo sita. Na baba yako, kwa kuwa hela ya studio ni yake, umwekee mstari wake kwenye ile karatasi kabla hamjapakia kitu: mkopo, zawadi au hisa, asilimia ngapi, inarudi kutoka shoo ipi.